Nilivyokuwa Mkazi wa Kigobe

Wengi wanaoniuliza habari za Bujumbura huanza na vita, kisha huuliza kuhusu ziwa. Ni wachache wanaotaka kujua watu wa huko wanasalimianaje, wanakula nini, na siku yao inaanzaje. Nimekaa huko miaka miwili nikifundisha Kiswahili, makazi yangu yakiwa Kigobe, mtaa ulio kaskazini mashariki mwa mji. Nimerudi Tanga na hamu ya kuwaonyesha ndugu na jirani nchi iliyo karibu nasi kuliko tunavyodhani. Nitaisimulia kwa njia ile ile niliyoingilia, kandokando ya ziwa, kituo baada ya kituo.

Ujiji

Kwa ndege ningefika upesi, lakini nilitaka kuingia Burundi kwa mlango uliotumiwa na lugha niliyokwenda kuifundisha. Mlango huo ni Ujiji. Karne ya 19 njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo iliishia hapa, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ilileta nguo na shanga, ikarudi pwani na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Wapagazi, manahodha na wachuuzi waliokutana hapa walielewana kwa Kiswahili, na mashua zikakisambaza ufukweni kote.

Bara ya Burundi Kiswahili hakikuingia kirahisi. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1908, aliwazuia wafanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, akiwemo Rumaliza, wasipenye ufalme wake. Kwa hiyo Kiswahili kilibaki chini, ziwani na baadaye mjini, na milimani Kirundi kikaendelea kutawala peke yake. Hali hiyo ipo hadi leo, nami niliipima kwa masikio yangu kila nilipopanda mlima.

Jioni ile nilikula mgebuka wa kuchoma kwa ugali wa muhogo. Huyu ni samaki mwembamba, mgongo wa fedha, nyama yake ina mafuta na miiba si mingi. Mkumbuke, maana tutakutana naye tena akiwa na jina jingine.

Nyanza-Lac

Siku ya pili nilivuka mpaka pale Manyovu. Upande wa Tanzania Waha walikuwa wakiambiana "Mwakeye". Hatua chache mbele, upande wa Mugina, Warundi walikuwa wakiambiana "Bwakeye". Mama mmoja aliyebeba kapu la maharage alivuka akisalimia pande zote mbili kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni.

Kutoka hapo barabara inateremka kati ya migomba na mihogo hadi michikichi ianze kuonekana, na nyuma ya michikichi kuna ziwa. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, na duniani kote linazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Julai maji yake huwa ya kijivu, maana kiangazi, ambacho Warundi hukiita ici, hujaza hewa vumbi na moshi wa mashamba. Niliambiwa kuwa ng'ambo kuna milima mikubwa ya Kongo. Nilitazama nisione kitu.

Nyanza-Lac nilipata chakula kwa mama ambaye Kiswahili chake kilinishangaza, kwa kuwa kilikuwa cha Tabora kabisa. Alizaliwa Ulyankulu. Wazazi wake walikimbia mwaka 1972, mwaka ambao maelfu kwa maelfu ya Warundi waliuawa na wengine wengi wakavuka kuja kwetu, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo. Wengine, kama yeye, walirudi na kukuta shamba la baba lina mmiliki mpya. "Kule nilikuwa Mrundi," aliniambia akinipakulia ndagala, yaani dagaa, "huku wananiita Mtanzania." Aliyasema bila uchungu, kisha akaniongezea maharage. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mgeni ugenini. Mwenyeji wangu wa kwanza alikuwa mgeni kwao.

Rumonge

Harufu ya Rumonge humfikia msafiri kabla ya nyumba zake, nayo ni harufu ya mawese. Chikichi huchemshwa kwenye mapipa, husagwa, kisha hukamuliwa kwa mashine ya mkono inayozungushwa na vijana wawili. Mafuta hutiririka mekundu kama udongo wa mvua, na mapovu yake ni ya rangi ya chungwa. Kijana mmoja alichovya kipande cha muhogo, akanipa kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukishika kiwiko chake. Hiyo ndiyo heshima ya Burundi. Kitu hutolewa hivyo na hupokewa hivyo, na hata kumpa mtu mkono hufanywa hivyo hivyo kama unamheshimu.

Usiku nilikaa ufukweni kuangalia taa za wavuvi. Ndagala hufuata mwanga, kwa hiyo mitumbwi hutoka kwenye giza na taa zake, na ukiangalia kwa mbali utadhani mji umejengwa juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, maana samaki hutawanyika. Rumonge hata harusi hupangwa kwa kuangalia mwezi, aliniambia mvuvi mmoja, kwa sababu usiku wa giza hakuna mwanamume nyumbani.

Mugere

Kilomita kama kumi kabla ya Bujumbura kuna jiwe kubwa juu ya kilima, linatazama ziwa. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe: 25 Novemba 1871. Wapo wanaodhani kuwa hapa ndipo walipokutana mara ya kwanza. Walikuwa wamekwisha kutana Ujiji tarehe 10 ya mwezi huo huo. Huku walikuja kwa mashua kutafuta jibu la swali moja lililowasumbua wanajiografia wa wakati ule: je, mto Rusizi unatoka ziwani na kuelekea Nili, au unaingia? Walifika mdomoni mwa mto wakaona kuwa unaingia, na tumaini la Nili likaishia hapo.

Nilikaa juu ya jiwe hilo kitambo. Wapiga makasia waliowaleta, wakalimani waliowaombea njia na wapishi waliowalisha hawakuchongwa popote. Lugha yao ndiyo iliyobaki. Walinzi wa pale walinieleza habari za jiwe kwa Kiswahili.

Kigobe

Jioni hiyo niliingia nyumbani kwangu. Kigobe iko katika tarafa ya Ntahangwa, jirani na Ngagara, Mutanga na Gihosha. Ndiko lilipo jumba la mikutano ambamo Bunge la Taifa hukaa, kwa hiyo kuna bendera, askari na barabara pana zinazofagiliwa alfajiri. Nyumba zimejificha nyuma ya kuta ndefu na mageti ya chuma. Bogenvilia zinamwagika juu ya kuta, na nyuma yake miembe na miparachichi inachungulia njia. Usiku ni kimya. Unasikia chura, mbwa wa jirani, na redio ndogo ya mlinzi.

Mlinzi huitwa umuzamu. Neno hilo lilinifurahisha siku ya kwanza, kwani ndani yake kuna zamu yetu. Wetu alikuwa mzee wa makamo, mpole. Asubuhi ya tatu nilitoka mbio, nikapita getini bila neno. Jioni alinifungulia, akasubiri niweke mzigo chini, akasema kwa sauti ya chini sana, "Mwalimu, asubuhi hukutuona." Hakusema sikumsalimia. Alisema hukutuona. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo sikupita tena bila kusimama, kutoa mkono na kuuliza habari za watoto wake. Salamu ya Kirundi yataka muda. Amahoro, yaani amani, husemwa mchana kutwa kwa watu wote, na wazee bado hutakiana Amashyo, yaani makundi ya ng'ombe, hata kwa mtu asiye na kuku.

Nilijifunza mengine pia. Mtu hali akitembea njiani, hata karanga, maana kula mbele ya asiyekula ni fedheha. Sauti haipandishwi. Jumamosi asubuhi maduka hufungwa na watu hutoka na majembe na mifagio kwa kazi za pamoja, na mtu wa Usambara angeziita msaragambo. Jumamosi ya kwanza nilizibua mfereji pamoja na mwanasheria, muuza mkaa na mwanafunzi wa udaktari, nikajua majina ya watu kumi na wawili wa barabara yangu. Kabla ya hapo nilijua mageti yao tu.

Hata hivyo lazima niseme ukweli kuhusu Kigobe. Mgeni anaweza kuishi mtaa huu mwaka mzima asiione Bujumbura. Atatoka getini kwa gari, atafika ofisini, jioni atakula ufukweni kwa Kifaransa au Kiingereza, atarudi na geti litafungwa. Wiki mbili za kwanza nami niliishi hivyo, na sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa siku zile, nyumba nzuri, bustani nzuri, na hakuna wa kumwambia kuwa chai imeungua. Uhaba wa mafuta ndio ulioniponya. Petroli ilikuwa adimu miaka ile, foleni za magari zikilala kwenye vituo usiku na mchana. Tena tangu Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilikuwa zimepigwa marufuku katikati ya mji. Nikavaa viatu vya kutembelea.

Buyenzi

Wiki ya tatu nilishuka kwa miguu hadi Buyenzi. Njiani unavuka mto Ntahangwa, ambao kiangazi ni uzi wa maji kati ya mawe, na masika hula kingo zake pamoja na nyumba zilizo juu yake. Unapita soko la Kwa Siyoni, ambako wengi walihamia baada ya Soko Kuu la mjini kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Kisha unasikia nyundo. Buyenzi ni mtaa wa mafundi, ambako gari lililokata tamaa hufunguliwa, hugongwa, hupakwa rangi na kutoka likinguruma. Barabara zake zina namba badala ya majina. Adhana ilikuwa inalia, kanzu na baibui zinapita, na kila mdomo unasema Kiswahili.

Wajerumani, kisha Wabelgiji, waliuita mji huu Usumbura, na jina la Bujumbura lilirudi mwaka wa uhuru, 1962. Wabelgiji walipopanga mji, Waswahili, yaani Waislamu wa mjini waliotoka Manyema ya Kongo, Ujiji na hata pwani, walipewa sehemu yao. Buyenzi ni tunda la mpango huo. Nilikuja na vitabu vya sarufi nikidhani naleta lugha, kumbe vizazi vinne vimekwisha zaliwa na kuzikwa ndani yake.

Bibi mmoja alikuwa kibarazani akikaanga maandazi ya mviringo kwenye karai. Nilimwamkia, nikauliza bei. "Bitumbula bitano mia tano," aliniambia. Nami, mwalimu, nikatabasamu nikasema, "Bibi, haya ni maandazi. Vitumbua ni vya unga wa mchele, tena ni vitano, si bitano." Aligeuza maandazi yote karaini, moja moja, bila haraka. Kisha akanitazama. "Mwanangu, miye nimezaliwa hapa na mama yangu amezaliwa hapa. Tunasema bitumbula. Kaa, kula."

Nilikaa, nikala. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Kwa kinywa chake nilijua kuwa nyanya yake alitoka Manyema akiwa mtoto, kwamba babake alikuwa kuli bandarini, na kwamba Kiswahili cha Buyenzi kina b mahali pa v kwa sababu watu wa Kongo waliingia nacho hivyo, na Kirundi kikakubaliana nao. Alinieleza pia habari za Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kupatikana kwa uchaguzi wa vyama vingi. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi, na mitaa ya mji ikagawanywa, huu wa Wahutu, ule wa Watutsi. Buyenzi nayo iliumia, lakini nyumba nyingi za hapa zilificha watu wa pande zote mbili. "Ukiulizwa wewe nani," alisema, "ulijibu, miye Mswahili." Sijasikia tafsiri nzito zaidi ya neno hilo.

Wiki iliyofuata niliandika maneno mawili ubaoni, vitumbua na bitumbula, nikawaambia wanafunzi walete maneno ya nyumbani kwao. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kinafundishwa shuleni, na Kiswahili sanifu kina kazi yake katika mitihani, vitabu na biashara ya kuvuka mipaka. Nilikifundisha kwa moyo wote hadi siku ya mwisho. Sikumsahihisha tena mtu kibarazani pake.

Gishora

Agosti nilipanda milimani. Barabara ya kwanza ya taifa inajisokota kutoka ziwani hadi Bugarama, juu ya mita 2,000, ambako ghafla unatafuta sweta. Vijana wa baiskeli huteremka na mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa, na wakati wa kupanda hujishikiza nyuma ya malori, kazi ya hatari ambayo wengi wamepoteza maisha kwayo. Kutoka Bugarama unageukia Gitega, makao makuu ya nchi tangu 2019, na jirani yake ndiko Gishora.

Gishora ni nyumba ya ngoma, ilianzishwa na Mwezi Gisabo, yule yule aliyewazuia watu wa Ujiji. Katika Kirundi ingoma ni ngoma na pia ni ufalme. Ngoma hizi huchongwa kwa umuvugangoma, mti unaoifanya ngoma iseme, ambao sisi huuita mringaringa na kuupanda mashambani kwa kivuli. Wapigaji huingia wakiwa wamebeba ngoma kichwani huku wakizipiga, huzitua kwa nusu duara, na mmoja mmoja huruka mbele ya ngoma ya katikati. Mlio hauingii masikioni peke yake. Unaingia kifuani, na moyo unalazimika kufuata. UNESCO iliuweka utamaduni huu katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye amri ya serikali ilikataza wanawake kupiga ngoma hizi. Nilisimama pembeni na wanawake wenzangu tukipiga makofi, na mikono yetu ilijua mapigo yote.

Huko juu Kiswahili changu kilikwisha nguvu. Nilibaki na amahoro, na urakoze, yaani asante, na tabasamu, na vilinitosha kupata chakula na mahali pa kulala.

Kigobe tena

Mwishoni mwa Septemba mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Alfajiri mzee wa zamu aligonga dirisha langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwalimu, njoo uone Kongo." Nilitoka na kanga mabegani. Tulipanda kidogo barabarani hadi pale ambapo kuta zinaachia nafasi. Vumbi la miezi mitatu lilikuwa limeoshwa, na ng'ambo ya ziwa milima ilisimama, ya buluu, mirefu, mikunjo yake ikihesabika. Majirani walikuwa wametoka pia na vikombe vya chai, wengine niliozibua nao mfereji. Waliniuliza kama nimelala vizuri. Mmoja aliniita kwa jina.

Jioni mimi na majirani tulikwenda ufukweni, upande wa Rusizi, ambako viboko hutoka majini kula nyasi giza linapoingia. Tuliletewa samaki mwembamba wa kuchoma, mgongo wa fedha, pamoja na ndizi za kukaanga. Nilimtambua mara moja. "Huyu ni mukeke," alisema jirani mmoja. Nilisema ndiyo, ni mukeke, na nikamla kwa jina hilo.

Ndugu msomaji, ukipata kazi Bujumbura, au likizo tu, pita njia ya ziwa. Kaa Kigobe ukitaka, ni mtaa mzuri, lakini usimalizie siku zako nyuma ya geti. Simama umsalimie mlinzi, toka Jumamosi na jembe, na shuka kwa miguu hadi Buyenzi. Kiswahili chako kichukue, utakihitaji. Kabla ya kumsahihisha mtu, kaa kwanza, ule anachokupa, na umsikilize.